Redio ya Karakana

Fundi Sindano alivua aproni saa tatu asubuhi, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kochi ambalo alikuwa hajalimaliza. Kisha akaenda moja kwa moja hadi kwa mke wa bosi, aliyekuwa amekaa mlangoni akihesabu vifungo vya mito.

"Shemeji," akasema, "mwambie bosi kwamba Jumamosi ndiyo mwisho wangu. Nimepata kazi kwenye lile duka kubwa la samani pale njia panda."

Bosi mwenyewe alikuwa hatua sita tu kutoka pale, kwenye benchi lake, randa mkononi. Alisikia kila neno, na kila mtu alijua kwamba amesikia. Lakini hakuna hata mmoja aliyeona ajabu kwamba mtu anaacha kazi kwa bosi wake kupitia mtu mwingine, ilhali bosi yupo, mzima, anapumua. Karakana ile ya makochi ilikuwa imeendeshwa hivyo kwa miaka kumi na minane, na jambo likidumu miaka kumi na minane hakuna anayekumbuka tena kuliuliza.

Bosi alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kurudiarudia neno tu, watu wakatabasamu, yakaisha. Chake kilimkaba. Shingo ilivimba, macho yakamtoka, na neno likagoma kabisa kutoka, hadi anayemsikiliza anaanza kutazama viatu vyake kwa aibu. Tangu shuleni alikuwa amejifunza kujibu kwa kichwa na mikono. Kwa watu wote duniani alikuwa mtu wa "ndiyo" na "hapana", isipokuwa kwa mkewe. Mbele ya mkewe ule ulimi ulifunguka, akaongea kama wewe na mimi, akatania, akasimulia. Mkewe alikuwa akijisifu kwa shoga zake kwamba alitongozwa kwa maneno matamu kuliko wao wote, na shoga hao walikuwa wakicheka kwa sababu hawakuamini hata kidogo.

Basi wakapanga utaratibu wao. Kila asubuhi, mezani, wakinywa chai, mume alikuwa anampa mke maneno ya siku. Nani akate kitambaa, nani arudie kupaka vanishi, nani amechelewa. Wakifika karakana, yeye anaingia ndani na randa yake, mke anabaki kwenye kidato cha mlango na kuanza: "Bosi amesema." Wafanyakazi wakambatiza jina la Redio. Alilijua jina hilo na wala halikumuudhi. Hata ile semina ya wajasiriamali kuhusu mawasiliano ya kiongozi na walio chini yake, ni yeye aliyekwenda kwa niaba ya mumewe. Alifundishwa siku mbili jinsi kiongozi anavyopaswa kutoa ya moyoni bila kujificha, akapigwa picha, akapewa cheti. Cheti kilitundikwa juu ya mashine ya kushonea, kwenye fremu aliyoichonga bosi mwenyewe.

Sasa Redio alimtazama Sindano, akamtazama mumewe. Mumewe alikuwa amesimamisha randa katikati ya ubao. Hakugeuka.

"Nitamwambia," akasema Redio.

*

Jioni ile, kabla hata ya kuvua viatu, mumewe alianza.

"Amekosa nini pale? Niambie. Amekosa nini?"

"Labda wanalipa vizuri zaidi."

"Hawalipi zaidi. Fundi wao alikuja kununua mbao kwangu mwezi uliopita, akataja mshahara wake mwenyewe. Ni uleule." Akaketi, akainuka, akaketi tena. "Angekuwa mtu mwingine ningeelewa. Lakini Sindano? Mtu niliyemwambia yote niliyomwambia? Nilipomwambia kwamba kile kiti cha daktari alichokishona kilinifanya nikae nikitazame saa nzima, si ulisema alifurahi?"

"Alifurahi," akasema Redio.

"Na mama yake alipofariki. Nilikuambia umwambie nami nililelewa na mama peke yake, ndiyo maana nilishindwa kuja kusimama mbele ya watu, ningelia na neno lisitoke. Si ulisema alielewa?"

"Alielewa."

"Basi anaondokaje bila hata kunitazama usoni?"

Redio akaenda kubandika maji ya chai ambayo hakuna aliyekuwa ameyaomba.

Ukweli ni kwamba Sindano hakuambiwa habari ya kiti cha daktari. Wala habari ya mama. Msibani Redio alifika na bahasha, akasema "hii ni kutoka karakana," akakaa nusu saa, akaondoka. Yale ya kulelewa na mama peke yake aliyaona marefu mno kwa mahali penye kilio.

Haikuanza kwa ubaya. Mwezi wa pili tangu karakana ifunguliwe, mumewe alimtuma amwambie Sindano kwamba mkono wa kochi alioushona jana yake hakuna fundi mwingine angeuweza. Redio akaupeleka ujumbe mzimamzima, neno kwa neno. Siku tatu baadaye Sindano akaja kuomba aongezwe mshahara. Mke wa Sindano alikuwa amejifungua wiki ileile, na pengine angeomba hata kama angetukanwa. Lakini Redio, ambaye ndiye aliyejua siku hizo ndani ya kopo la akiba mna nini, alijifundisha somo lake: ukimsifu mtu anavimba kichwa, na kichwa kikivimba utakilipia. Tangu hapo akawa anayapunguza maneno ya mumewe kama mtu anayepunguza kitambaa kilichozidi. Amri zilifika. Lawama zilifika, na mara nyingine zikiwa zimetiwa chumvi kidogo ili zikolee. Shukrani zilibaki kwake.

Kisha mumewe anauliza, "Alisemaje?" Na yeye anajibu, "Amefurahi. Amesema asante sana bosi." Asante hizo alizitunga mwenyewe, miaka na miaka, na alikuwa hodari. Alikuwa anaigiza hadi sauti ya Sindano, mumewe akacheka.

*

Asubuhi iliyofuata maneno ya siku yalikuwa mengi kuliko kawaida. Mumewe hakugusa mkate.

"Mwambie hivi. Mwambie nataka aingie ubia. Karakana iwe ya wawili, yeye na mimi."

"Ubia?" Redio akaweka kikombe chini. "Na binti yetu je?"

"Binti yetu ni nesi, na harufu ya gundi tu inamfanya apige chafya. Sikiliza. Mwambie watu wanaosifu makochi yetu wanasifu mkono wake yeye. Mimi nachonga mifupa tu, nyama anaweka yeye. Mwambie sikuwahi kumwambia haya kwa mdomo wangu kwa sababu naona haya, siyo kwa sababu ya dharau. Usisahau hapo kwenye dharau. Mwambie kama anataka kuondoka aondoke, lakini asiondoke akidhani sikumwona."

Redio alirudia yote njiani, midomo ikichezacheza, na siku ile kwa kweli alikusudia kuyafikisha. Aliapa kimoyomoyo. Alimkuta Sindano kwenye stoo ya vitambaa, amepiga magoti, anachagua rangi.

"Fundi, bosi amesema..."

Sindano akainua uso. Alikuwa mtu mwembamba sana, ndiyo maana ya jina lake, na kwa kuwa alishona pindo za makochi kwa mkono, kwa ile sindano iliyopinda kama ndoana, vidole vyake vilikuwa na matundu madogomadogo. Alimtazama Redio kwa namna ambayo hakuwa amemtazama kabla. Alikuwa anangoja. Redio akaona wazi kabisa kwamba mtu yule, hadi dakika hiyo, bado alikuwa na tumaini.

Na hapo hapo ndipo akili ilipomwendea mbio. Nikimwambia yote haya leo, atauliza mbona leo tu. Nikisema bosi alikisifu kiti cha daktari, atauliza alikisifu lini. Atamfuata benchini, na yule naye atajikaza aseme, na yatafumuka yote, moja baada ya jingine, hadi lile la msibani.

"Bosi amesema ufikirie vizuri," akasema.

"Ni hivyo tu?" akauliza Sindano.

"Ni hivyo tu."

"Hakuongeza kitu?"

"Unamjua bosi wako."

"Hapana, shemeji," akasema Sindano, akirudi kwenye vitambaa vyake. "Miaka kumi na minane, na simjui. Paka wa jirani akipita hapa bosi anampigia mluzi. Mimi hata mluzi sijawahi kupigiwa." Akavuta kipande cha kijani, akakikunjua, akakikagua kwenye mwanga. "Mama alipofariki nilikaa upande unaotazama njia. Nilijua haongei. Sikutaka aongee, nilitaka nimwone tu anakuja. Basi. Wewe ulikuja, na nilikushukuru."

Redio akatoka nje akiwa amebeba bunda la vitambaa ambalo halikuhitajika popote. Mumewe alikuwa ameinua macho kutoka kwenye ubao, na macho yote mawili yalikuwa yanauliza.

"Anafikiria," akamwambia.

Siku mbili zilizofuata mumewe alipiga randa kwa raha, na mara moja alisikika akiimba.

*

Jumamosi saa nane mchana Sindano alimaliza lile kochi la mwisho. Alipitisha kiganja juu ya pindo zote, akakata uzi, akafuta vumbi. Kisha akachukua mkasi mkubwa na ufunguo wa stoo, akaja navyo kwa Redio, kama ilivyo desturi.

"Haya, shemeji. Vya watu hivi hapa."

Kwenye benchi randa ilinyamaza. Bosi akayakung'uta maranda ya mbao yaliyomjaa kwenye shati, akaja. Mama wa mito, yule anayeishona na kuijaza, na yule mpakaji vanishi waliacha walichokuwa wanafanya. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akivuka karakana kwenda kumsemesha mtu.

Alisimama mbele ya Sindano. Mdomo ukafunguka. Shingo ikavimba.

"H-h-hata... hata u-u..."

Sindano, kwa mazoea ya miaka yote, akageuza uso kumtazama Redio, akingoja amwambie bosi anasema nini. Redio alilijua neno. Lilikuwa mdomoni mwake tayari, na mdomo wake tayari ulikuwa wazi. Lakini mumewe aliinua mkono kumzuia, bila hasira.

"U-u-ubia," akasema bosi. Jasho lilikuwa limemtoka. "Hata u-ubia h-hutaki?"

"Ubia gani, bosi?"

Bosi akamtazama mkewe, kisha akamtazama tena Sindano, na ilionekana jinsi kitu kinavyoanza kumwingia polepole, na yeye anakikataa.

"K-kiti cha... cha d-daktari."

"Kilikuwa na kasoro?"

"M-mama yako," akasema bosi. Hapo ilimchukua muda mrefu, na hakuna aliyetazama viatu vyake. "N-nilituma n-neno. Msibani."

Sindano alitikisa kichwa taratibu. Si kwa kukataa. Alikuwa anajaribu kukumbuka, akitamani kulipata hilo neno mahali fulani. "Niliona bahasha, bosi. Neno sikulipata."

Sasa wote wakamgeukia Redio. Alikuwa na mkasi mkono mmoja na ufunguo mkono mwingine, chini ya cheti chake. Yeye ambaye hakuwahi kukosa la kusema kwa mteja, kwa mkusanya kodi, kwa mtu yeyote, alitafuta pa kuanzia akapakosa.

"Sikumwambia," akasema. "Hilo la kiti, la mama, la ubia. Yote. Lawama nilizileta. Yale mazuri sikuwahi kumwambia hata moja, ukiacha lile la kwanza."

"Na yale ma-ma..." Mumewe alishindwa. Akajaribu tena. "Na m-majibu yake?"

"Nilitunga mimi."

Sindano akajishusha kwenye mkono wa kochi alilotoka kulimaliza, jambo ambalo yeye mwenyewe aliwakataza wengine kulifanya. Alikaa hapo akitazama vidole vyake.

"Nilikuwa nafikiri unaniona kama msumari," akamwambia bosi. "Ukishaingia kwenye ubao, nani anaukumbuka tena. Nilikuwa nikienda nyumbani namwambia mke wangu, huyu mtu akifa leo sitajua kama aliwahi kunipenda." Akacheka kidogo, na kicheko hakikufika popote. "Lakini na wewe, bosi. Ningekusubiri. Kazi yangu mimi ni kushona kwa mkono, kama kuna kitu ninachokijua ni kusubiri. Ungeanza sentensi Jumatatu, ningekungoja hadi Ijumaa."

"B-baki," akasema bosi.

Lilitoka kwa urahisi kuliko yote aliyoyasema siku ile.

"Siwezi. Kule wameshamwondoa mtu ili mimi niingie. Baba wa watoto watatu, nimekwenda kumwona, tayari amesafiri kwao. Nikisema leo sitaki, nitakuwa nimemwondolea mwenzangu riziki bure." Akainuka. "Ungeniambia wiki mbili nyuma, bosi, ningebaki. Hata ile Jumatano, shemeji aliponikuta stoo, ilikuwa bado. Nilikuwa sijaenda kutia sahihi. Nilienda saa kumi jioni."

Alimpa bosi mikono yote miwili. Walishikana kwa muda mrefu, na bosi alikuwa anatikisa kichwa tu, machozi yanamtoka bila kuyafuta. Kwa Redio alisema "Kwaheri, shemeji," kwa sauti yake ya siku zote, ya upole. Afadhali angemtukana.

*

Njiani kurudi nyumbani Redio aliomba msamaha mara tatu. Alieleza habari ya kopo la akiba, habari ya ule mshahara wa mwaka wa kwanza. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia jinsi inavyosikika. Mumewe alitembea kando yake, si mbele wala nyuma, na hakujibu. Jumapili nzima alikuwa uani akinoa patasi ambazo hazikuwa butu.

Jumatatu mezani hakutoa maneno ya siku. Alikunywa chai, akavaa shati, wakaondoka. Walipofika karakana, Redio kwa mazoea alipanda kidato cha mlango. Mumewe akamgusa kiwiko, akamshusha taratibu, akapanda yeye.

Waliokuwa chini walikuwa watu wanne. Kigoda cha Sindano kilikuwa kimebaki palepale, hakuna aliyekisogeza.

"N-n-naomba..." akaanza bosi, akakwama. Mpakaji vanishi akamtupia jicho Redio. Redio akainamisha kichwa, akakaza meno, akatia mikono yote miwili kwenye mifuko ya gauni.

"Tuko hapa, bosi," akasema mama wa mito, akivuta gunia la sponji na kulikalia. "Hatuna tunapokwenda."

Ilimchukua robo saa nzima kusema kile ambacho Redio angekisema huku anafungua kufuli. Alisema alijificha. Alisema si kosa la mkewe peke yake, kwa sababu yeye ndiye aliyempa mzigo ambao kila mtu anapaswa kuubeba mwenyewe. Kisha akamgeukia mama wa mito, akahangaika sana, shingo ikivimba, hadi akatoa kwamba mito yake haijawahi kurudishwa na mteja hata siku moja, na kwamba yeye hilo alilijua siku zote. Mama wa mito alikuwa mcheshi, mtu wa kujibu kabla hujamaliza. Siku ile alifungua mdomo, akaufunga, akafuta macho kwa kipande cha sponji.

Redio alisikiliza akiwa chini, pamoja na wengine. Yale ya mito aliyakumbuka. Alikuwa amepewa miaka minne iliyopita, siku ya mvua, akayaacha mezani na makombo ya mkate.

*

Jumanne asubuhi alipika chai mapema. Mumewe akaja, akaketi mahali pake, akamiminiwa chai. Redio alikuwa na maneno mengi, lakini alinyamaza. Alitaka yeye ndiye aanze. Alitaka aanze vile anavyoanza siku zote, kwa utani mdogo kuhusu majirani, kwa ndoto aliyoiota, kwa lolote lile.

Mumewe alikoroga chai isiyo na sukari, akagundua, akainua uso.

"N-n..." akasema.

Redio alidhani amepaliwa.

"N-n-na... na-naomba..."

Shingo ilikuwa imevimba. Macho yalikuwa yamemtoka, nayo yalikuwa yamejaa mshangao, kwa sababu hata yeye hakuwa amelitarajia. Kwa miaka ishirini na mitano, katika nyumba hii, kwenye meza hii, mbele ya mwanamke huyu, hakuwahi kukwama kwenye neno hata moja.

Kopo la sukari lilikuwa karibu na mkono wa Redio. Mkono wake ulikuwa umeshakwenda, vidole vimeshagusa mfuniko. Akaurudisha. Akauweka mapajani, akaushika kwa mkono wa pili, akamtazama mumewe usoni, akangoja amalize.